Mzee Anataka Kumsamehe Issa

Jumatatu, 4 Agosti

Nimemkosea Issa Ahmadi. Miaka thelathini na saba sasa. Sijawahi kuiandika sentensi hiyo, wala kuisema.

Asubuhi nimemlisha Mzee uji kama kila siku. Nikampangusa kidevu, nikamgeuza aelekee dirishani. Nilikuwa nafunga vifungo vya shati niende bandarini, akanishika mkono. Leo akili yake ilikuwa imetulia. Bora isingetulia. Akasema padri amemwambia asiondoke na kinyongo. Amejipekua, amekuta kimoja tu. Yule dereva aliyemuulia Landrova yake.

"Nimemsamehe, Beno. Mlete nimwambie kwa mdomo wangu."

Nikasema sawa, baba. Kazini nimekosea fomu mbili za makontena.

Landrova aliiua nani, najua. Ni mimi.

Jumanne, 5 Agosti

Niandike yote, niache kuzunguka.

Mzee aliinunua ile Landrova kwenye mnada nikiwa darasa la pili. Kijani, bodi viraka vitupu. Mlango wa nyuma ulifungwa kwa kamba ya katani. Ukikaa nyuma unashuka na nywele nyekundu kwa vumbi. Harufu yake naikumbuka kuliko sauti ya marehemu mama: dizeli, magunia, machungwa. Krismasi tulijazana humo watoto wa mtaa mzima, Wakristo kwa Waislamu, tukazungushwa mji. Ikigoma kuwaka, Issa alikuwa anaibembeleza kwa Kimakonde. Tunacheka. Inawaka.

Issa ndiye aliyenifundisha gia. Alikuwa ananiambia nisitazame mkono, nisikilize injini. Nilipofika miaka kumi na saba nikajiona dereva.

Jumamosi moja tulikwenda Msimbati, kwao. Shangazi yake amefariki. Akaegesha kwenye mikorosho, akanipa funguo, akasema nilinde gari, yeye anaingia msibani. Kulikuwa na wasichana wawili wa shule yetu. Nilitaka wanione kwenye usukani. Hiyo ndiyo sababu yote. Hakuna nyingine.

Nikashuka nayo ufukweni. Saa tano. Maji yametoka mbali, mchanga mgumu kama lami. Nikaegesha chini kabisa. Tukaenda kunywa madafu, nikajilaza kivulini, nikapitiwa na usingizi.

Sikujua kama ni bamvua. Sisi ni watu wa Songea. Tumekulia pwani lakini bahari hatukuisoma. Siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo maji yanatoka mno, halafu yanarudi mno. Siku nyingine yangelowesha matairi. Siku ile yalifika kwenye usukani.

Mzee alipouliza, nilisema Issa ndiye aliyeegesha pale akaenda zake msibani. Issa alikuwa amesimama hapohapo. Alinitazama. Akasema, "Mimi ndiye dereva." Basi. Mzee akamfukuza palepale. Kisha akawaonya wenzake wote bandarini wasimpe usukani. Hakuna aliyempa tena.

Jumatano, 6 Agosti

Nimemdanganya Mzee. Nimesema Issa amesafiri, yuko Kitaya kwa mwanawe.

Akasema atasubiri. Halafu akapaliwa na maji, macho yakatoka. Niliogopa sana. Halafu, namwinua nimpige mgongoni, wazo likanipita: akifa, nimepona.

Nimeliandika. Libaki.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Ofisi zimefungwa, sina kisingizio. Nimekwenda Msimbati.

Nimeulizia Issa Ahmadi, dereva wa zamani. Watu watatu hawamjui. Wa nne akafikiri, akacheka. "Si useme Bamvua."

Nikamuuliza kwa nini Bamvua, kama vile sijui. Akasimulia kama hadithi ya kuchekesha. Mzaliwa wa hapa, amezaliwa maji yanamwagika mlangoni kwao, akaegesha gari ya tajiri ufukweni siku ya bamvua. Walianza kumtania mazishini. Utani ukawa jina. Wanawe ni watoto wa Bamvua. Mjukuu mmoja ameandikishwa hivyo shuleni.

Nimemkuta uani anamenya mihogo. Amekonda. Alinitambua kabla sijasema hodi mara ya pili.

"Beno. Gari umeiacha juu?"

Nikasema juu, kwenye mikorosho.

"Afadhali. Bamvua leo." Hakucheka.

Nikamwambia Mzee hali yake si nzuri, anamwita. Akauliza anaitiwa nini. Ilibidi niseme. Anataka kukusamehe. Kisu kikasimama kwenye muhogo.

"Na wewe umekuja kwa hilo tu?"

Nikasema ndiyo.

Akamalizia kumenya ule muhogo, taratibu, ganda halikukatika. Akasema mgonjwa akiita huendwa. Nimfuate kesho saa mbili.

Jumamosi, 9 Agosti

Nina aibu.

Issa alikuwa amevaa kanzu iliyopigwa pasi. Njia nzima alisema neno moja, kwamba klachi yangu inalalamika, niiangalie. Tulipofika Mzee alikuwa amekaa kitandani, amenyolewa, mke wangu amemvalisha shati la kanisani. Akamshika Issa mikono yote miwili. Akalia.

"Bamvua, nimekusamehe. Kwa moyo wangu wote, Bamvua."

Alimwita hivyo kwa heshima. Mimi nimesimama mlangoni na trei ya chai. Issa akanigeukia. Macho yaleyale ya siku ile. Alinisubiri. Najua alinisubiri, kwa sababu Mzee alimaliza kufuta machozi, akapenga kamasi, na Issa bado ananitazama mimi. Maneno yalikuwa mawili tu. Ni mimi.

Nikauliza nani anataka sukari.

Issa akasema, "Ahsante, Mzee. Mungu akupe afya." Akanywa chai yake yote.

Nilimrudisha. Aliposhuka akainama mlangoni.

"Mara ya kwanza ulikuwa mtoto," akasema.

Akafunga mlango bila kuubamiza.

Jumapili, 10 Agosti

Misa ya kwanza. Komunyo sikupokea. Mke wangu aliniona nikibaki kwenye benchi, hakuuliza. Nilipofika nyumbani nilimweleza yeye kwanza, jikoni, ili nisiweze kurudi nyuma. Akaacha kukuna nazi. Akasema nenda, yuko macho.

Nimemwambia Mzee yote. Wasichana, madafu, usingizi, uongo. Nilianza nimesimama, nikamaliza nimekaa sakafuni.

Alikuwa amefumba macho. Nikadhani amesinzia.

"Bamvua ni nini?"

Miaka zaidi ya hamsini anaishi Mtwara. Nikamweleza, mwezi na maji. Nikamweleza kwamba hakuna mtu wa Msimbati anayeweza kuegesha pale siku kama ile, hata mtoto wa miaka sita. Kwamba mtu yeyote wa huku angejua palepale kwamba si Issa, kama Issa mwenyewe asingelibeba kosa. Mzee na mimi tu ndio hatukuijua bahari.

"Nilidhani ni jina la ukoo wao," akasema. "Bandarini walikuwa wanasema, yule Bamvua wako. Na mimi nikashika hivyo." Pumzi ikamsumbua. "Jana nimemwita hivyo. Namsamehe huku namtukana."

Akageukia ukutani. Mchana hakula. Jioni hakula.

Nilitegemea nitajisikia mwepesi. Hapana. Nimechoka tu.

Jumatatu, 11 Agosti

Uji amekula. Nusu bakuli. Hajanitazama, lakini kijiko hajakikataa.

Nilipokuwa nampangusa nikamwambia nitakwenda Msimbati kuwaambia watu ukweli. Akasema anakwenda na yeye. Nikasema barabara ni mbaya, baba. Akasema hakuuliza barabara.

Nimempigia imamu wa Msimbati. Alisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza. Akasema niwasubiri nje, watu wakishatoka atawaomba wasimame. Kazini nimeomba ruhusa. Mke wangu ametoa mito ya kumwekea Mzee kwenye kiti cha nyuma.

Ijumaa hii, tarehe 15, baada ya swala ya Ijumaa, nitasimama nje ya msikiti wa Msimbati, Mzee akiwa kando yangu na Issa akiwepo, niwaambie watu wote kwamba Issa Ahmadi hakuiegesha ile gari. Niliiegesha mimi, na nikasema uongo.