Vumbi la Pango Letu

Chemba, Jumapili

Mjukuu wangu Frida,

Kosa la wengi ni kumweleza daktari wanaumwa wapi, wasimweleze walikuwa wapi. Wewe umelifanya kosa hilo kwa sababu yangu.

Hapa tu wazima. Uwele umekubali mwaka huu, na bibi yako anashinda akigombana na kuku.

Ulipokuja Juni nilikupa ufagio ufagie pango la wazee kabla ya tambiko, kama afanyavyo kila mjukuu anayefika mara ya kwanza. Ulikohoa, ukacheka: “Babu, hawa popo wako hawajafagia tangu enzi za Mjerumani!” Nami nikakuonya kwamba mambo ya pangoni hayasemwi kwa watu wa nje.

Sasa nasikia unameza dawa za kifua kikuu huko Mwanza, na kikohozi hakikomi. Binamu yako Wilbert, aliyekusaidia kufagia, alikohoa vilevile. Daktari wa Dodoma alimuuliza kama ameingia mahali penye popo, naye akasema. Wakampima, wakakuta fangasi kwenye mapafu. Fangasi hao huota kwenye kinyesi cha popo, na ukifagia pakiwa pakavu unawavuta pamoja na vumbi. Dawa yao ni nyingine kabisa. Wilbert ameanza kupata nafuu.

Nilikufunga mdomo, mjukuu wangu, na hakuna mzee wa pango lile aliyenituma nikuue.

Usiache dawa kwa maneno yangu. Rudi leo kwa daktari, umwambie ulifagia pango la popo.

Babu yako,
Thobias