Taa ya Njano Kwenye Gari la Marehemu

Makorora, Tanga
4 Mei 2024

Mama yangu, shikamoo.

Natumai miguu imepungua kuvimba na usingizi unaupata. Sisi huku wazima. Mjukuu wako Mwinyijuma ameanza kusema "bibi", ila hata kuku anamwita bibi, usikasirike. Najua masikio yako na simu hayapatani, ndiyo maana nakuandikia. Barua nampa kondakta wa basi la Moa, anasema anakufahamu, uliwahi kumgombeza.

Mama, tangu nitoke eda naona nimeanza kupumua. Nakushukuru kwa lile neno uliloniambia nikiwa bado ndani, kwamba gari la marehemu Idarusi lisioze uani, nimpe shemeji Sele alifanye teksi ya Tanga na Pangani. Tunakula, alhamdulillahi. Jumamosi tu ndiyo nalichukua mimi. Si unajua mwanao alinifundisha kuendesha? Nampeleka mtoto kliniki, napita sokoni, watu wananishangaa.

Lakini kuna jambo linanisumbua. Kwenye dashibodi kuna taa ya njano inawaka, imekaa kama chungu kilichokatwa mdomo, katikati ina alama ya mshangao. Sele anasema ni taa ya upepo wa matairi, na kwamba magari ya Kijapani yana woga kama bi harusi. Nikajaza upepo, ikazimika. Jumamosi iliyofuata naikuta imewaka tena. Nikajaza tena, wiki haikuisha, ile pale. Naogopa mama, nampakia mtoto humo.

Sasa nikupe la kufurahisha. Lile shamba la Ushongo ambalo Idarusi alimwachia mwanawe, nataka nikijaliwa nijenge kibanda pale mbele, nipike supu ya pweza na wali wa nazi kwa wageni wa ufukweni. Najua wewe hujafika huko miaka mingi kwa sababu ya miguu. Nikishajenga nitakupeleka mwenyewe, ukae kwenye kiti kama malkia. Shamba nitalilinda mpaka Mwinyijuma akue, maana ndicho kitu pekee cha babake kitakachomfikia mkononi. Gari litachakaa tu.

Mwanao akupendaye,
Tausi


Moa
21 Mei 2024

Kwa mwanangu Tausi,

Wa alaikumu salamu, na marahaba. Barua yako imefika na harufu ya dizeli. Mimi mzima kiasi cha kumshukuru Mungu. Mbusu mjukuu wangu, na hao kuku wasinizoee.

Hiyo taa isikunyime usingizi. Chukua kitambaa uifunike. Gari linakwenda? Linakwenda. Basi. Wala usimchoshe Sele kwa maswali. Mwanamume akiulizwa kila siku huona anadhaniwa mwizi, na yule ndiye mwanangu pekee niliyebaki naye.

Habari ya kibanda, mwanangu, usiwe na haraka. Wewe bado kijana mbichi, Mungu hajamaliza kukuandikia. Na pale penyewe pa kukalisha wageni hapapo. Ile minazi mitatu ya upande wa bahari imekauka vichwa, kivuli hakuna, jua litawakaanga. Tulia kwanza, mlee mtoto.

Kula vizuri. Nilipokuona mara ya mwisho shingo ilikuwa imekonda.

Mamako


Makorora
16 Juni 2024

Mama, shikamoo.

Vipi hali, vipi majirani? Hapa mafua yametuzunguka wote wawili lakini yanakwisha.

Taa ile bado. Kitambaa sikuweka, ila Jumamosi moja nikaona haiwaki, nikafurahi, kumbe Sele ameibandikia utepe mweusi! Nikaubandua, nikaikuta inawaka kama kawaida. Nikamwuliza, "Shemeji, mbona umeiziba?" Akacheka, akasema, "Nimekuondolea wasiwasi, si ulikuwa huli?"

Basi nikampelekea fundi wa matairi hapa mtaani, anaitwa Alexander, Mbondei mmoja mwenye maneno. Akayatoa matairi moja moja, akayazamisha kwenye pipa la maji. Hakuna povu hata moja. Akayapima upepo, akaniita nione kwa macho yangu. Manne yote yamepungua, na yote yako kipimo kimoja. Akasema, "Mama Mwinyi, pancha haina adabu hiyo. Pancha huchagua tairi moja ikalionea. Hapa kuna mtu anayepunguza upepo kwa mkono wake, kama madereva wanavyofanya wakitaka kuingia kwenye mchanga wa pwani, gari lisizame. Akitoka huko hajazi, anakuletea hivyo hivyo."

Nikarudi kwa Sele. Anaapa haachi lami. Tanga, Pangani, Tanga. Sasa mama, mchanga uko wapi kwenye lami? Labda anawapeleka abiria mahali asipotaka nijue, pengine ana mchumba, mimi sina neno, aseme tu.

Na mama, umejuaje kuwa minazi mitatu imekauka? Mimi sikujua. Nani amekwambia?

Tausi wako


Makorora
28 Julai 2024

Mama, shikamoo.

Sijapata jibu lako. Kondakta anasema barua alikupa mkononi, umekaa barazani na ukamwuliza habari za mkewe. Nimefurahi kusikia kwamba u mzima.

Labda niliuliza vibaya. Kama nimekukosea unisamehe, mimi shule yangu ni ya msingi tu, kuna maneno nayaandika yanatoka na miiba. Nijibu hata mstari mmoja.

Mwanao,
Tausi


Makorora
18 Agosti 2024

Mama,

Shikamoo. Afya yetu nzuri, naomba na yako iwe hivyo.

Jumamosi ya wiki iliyopita nilichukua gari, nikamfunga mtoto kiti cha nyuma, nikaenda mpaka Pangani, nikavuka na pantoni, nikashika njia ya Ushongo. Sikuwahi kuendesha mbali hivyo. Karibu na kijiji kijana wa bodaboda akanipungia mkono nisimame. Akasema, "Dada, punguza upepo hapa, mbele utazama. Mwenye hili gari huwa anapunguzia hapa hapa." Nikamwuliza mwenye gari ni nani. Akasema, "Si yule kaka mrefu? Anakuja na mgeni mmoja wa kupimapima, na bibi wa mkongojo. Yule bibi mcheshi sana, alinipa kashata."

Mama, kashata zako nazijua.

Nikaenda ofisi ya kijiji na mtoto mgongoni. Nikataja jina langu na la marehemu. Mwenyekiti akavua miwani, akaivaa tena. "Wewe si umeolewa Mombasa?" Nikamwambia, "Nimeolewa na nani, mbona sikualikwa?" Watu waliokuwepo wakacheka, yeye hakucheka. Akasema mkwe wangu alikuja mwenyewe, akakaa pale nilipokaa mimi, akasema mbele ya wajumbe kwamba mama wa mtoto amepata mume, amekwenda zake, mtoto amemwachia bibi, na bibi ndiye mwenye kumsemea. Mnunuzi alikuwa amekubaliana na Sele. Walikuwa wanangoja siku ya kutia sahihi tu.

Akamtazama Mwinyijuma akiwa amelala mgongoni kwangu, mate yanamtoka. Akasema, "Hapa hauzwi hata mnazi mmoja mpaka mahakama iseme msimamizi wa mirathi ni nani."

Nikaenda shambani. Minazi mitatu imekauka kweli.

Jioni Sele alipokuja kuchukua gari nilimnyima funguo. Akaniambia, "Gari la kaka yangu hilo!" Nikamwambia, na shamba ni la nani? Akaondoka. Nikajaza upepo, na tangu hapo taa haijawaka.

Sele ningemsamehe leo hii, maana Sele sikumtegemea kitu. Lakini wewe ulinifunga kichwani ukaya wa eda kwa mikono yako. Ulikuwa unalala na mimi chumba kimoja, nikilia unanishika kichwa. Ni kwenye chumba hicho uliponiambia nimpe funguo. Nieleze, mama. Ulikuwa umeshapanga wakati ule? Nataka kujua hilo moja tu.

Tausi


Moa
5 Machi 2025

Mwanangu Tausi,

Salamu za mwezi mtukufu. Mfungo umeingia nami nimeanza, ingawa miguu inanikataza. Miezi imepita, najua. Kalamu nimeishika mara nyingi nikaiweka.

Uliuliza. La, siku ya funguo sikuwa nimepanga. Naapa kwa huu mwezi. Nilikuja kufikiri baadaye. Ulipotoka eda nilikuona umepaka wanja, unacheka na muuza samaki mlangoni. Nikasema, huyu mwaka hautaisha ataolewa, na shamba la wanangu litalimwa na mwanamume nisiyemjua, na mjukuu wangu atamwita baba. Sele akasema, "Mama, tuuze mapema, fungu la mtoto tumwekee sisi." Nikamsikiliza. Mimi nilimzika Idarusi, mwanangu. Wewe utapata mume mwingine, mimi mtoto mwingine nitampata wapi?

Lile neno nilipolisema pale ofisini liliniuma hapa kifuani. Nikalisema hivyo hivyo.

Sele ameniambia mahakama itatuita sote kwa habari ya mirathi baada ya Idi. Mimi sijui nitasema nini. Nimezeeka.

Naomba jambo moja. Niletee Mwinyijuma Idi hii, kama mwaka jana. Mwache wiki moja tu. Nimemnunulia kofia. Majirani wanamwulizia kila siku.

Mamako


Makorora
19 Machi 2025

Mama, shikamoo.

Saumu iwe nyepesi kwako. Ukizidiwa, kula, Mungu si mkali kwa mgonjwa. Mtoto mzima, sasa anasema "bibi" na anajua ni wewe.

Nimesoma barua yako mara nyingi. Wanja nilipaka kwa sababu macho yalikuwa yamevimba, sikutaka watu waone. Na muuza samaki siku ile alisema changu wake wamekufa kwa uzuri wa kupindukia, nikacheka. Kilikuwa kicheko changu cha kwanza tangu mazishi. Kumbe ulikuwa unakihesabu.

Kanzu ya Mwinyijuma ya Idi nimekwisha kuishona. Kofia yako angeipenda. Lakini kumleta siwezi. Wewe ulisema mbele ya wajumbe kwamba mimi nimemwacha, anakaa kwako. Akilala Moa hiyo wiki moja, majirani wote wataweza kusimama mahakamani waseme tulimwona, anaishi kwa bibi yake, na hawatakuwa wamedanganya. Nitakuwa nimekuletea ushahidi kwa mkono wangu, amevaa kanzu mpya.

Ukitaka kumwona, njoo wewe. Kitanda ulicholalia wakati wa eda kipo, nimekitandika shuka safi, na nitakupikia futari uipendayo. Kaa hata mwezi.

Lakini yeye haji.

Mama Mwinyijuma