Kusubiri Msiba wa Lambwe

Homa Bay,
Jumapili, baada ya ibada

Kwa dada yangu Mghoi,

Salamu hizi zikufikie kabla hujavua viatu, maana najua barua zangu unazisomea mlangoni. Kifua cha baba kimetulia? Na goti lako? Mimi ni mzima. Malaria ilinitembelea tena, ikaniona nilivyokonda, ikaondoka. Ziwa limefunikwa na gugu maji hata ukilitazama kutoka ofisini utadhani ni shamba la mtu mwenye bidii. Samaki nakula siku hizi. Ndiyo, na kichwa chake.

Nimesikia kanisa limekuchagua uongoze kamati ya kusaidia kina mama wanaopigwa majumbani. Hongera, na pole. Umeniuliza sisi huku tunafanyaje, kwa kuwa ndiyo kazi inayonipa ugali. Nitakusimulia tulivyofanya, kisha wewe uchague ya kuacha.

Kuna mama mmoja Muhuru Bay, upande wa Migori, karibu na mpaka wa Tanzania. Majirani humwita Min Achieng, yaani Mama Achieng. Achieng ndiye mtoto wake wa kwanza, hajafika hata umri wa kuota matiti, na nyuma yake kuna wadogo wawili. Mume anaitwa Okoth. Ana mashua, ana sauti ya upole, na anaimba kwaya. Ukikutana naye utampenda. Mimi nilimpenda. Hilo waambie kamati yako mapema, wasije wakapoteza muda kumtafuta mwanamume mwenye macho mekundu.

Muuguzi wa zahanati ndiye aliyetuambia kwamba Min Achieng amevunjwa mkono. Mratibu wetu, mkubwa wangu wa kazi, ni mtu mwema anayeamini hakuna tatizo linaloweza kuushinda mkutano. Akasema twende tukaione familia. Tukaenda, yeye, mimi na naibu wa chifu, ndani ya gari la mradi lenye maandishi milangoni.

"Karibuni wageni wangu!" Okoth akatupokea kwa mikono miwili. "Leo boma langu limebarikiwa."

Hata hatujakaa, jogoo alishakamatwa. Dada, huku mgeni haondoki na njaa, na mtu akishakula kuku wa mwenye nyumba hawezi kuufungua mdomo uleule amshtaki. Sote tulilijua hilo. Tukaendelea kukaa, harufu ikatufikia, tukazidi kukaa.

Kupitia mlango wa jikoni nilimwona Min Achieng akisonga ugali. Mkono wa kushoto umening'inizwa shingoni kwa leso. Achieng ameishika sufuria kwa matambara, mama anasonga kwa mkono mmoja. Ugali ulikuja umeiva vizuri. Tukala. Naibu wa chifu akapewa firigisi.

Mratibu aliponawa, akamwita yule mama mbele yetu sote. "Mama, tuko hapa kama familia. Kuna shida yoyote nyumbani?"

Akatazama miguu ya mumewe. "Hakuna shida. Mmeshiba?"

"Na mkono?" nikauliza.

"Alianguka," Okoth akanijibu kwa upole. "Huyu mama yenu akitembea haangalii chini. Nimemwambia mara ngapi?"

Naibu wa chifu akacheka. Garini, Mratibu akasema, "Ile familia imetulia." Nami nilikuwa nimeshiba, sikubisha.

Wiki iliyofuata Min Achieng alirudi zahanati bila meno mawili ya mbele. Mumewe alikuwa na swali moja tu: nani aliwaita wale watu? Muuguzi alinikazia macho. "Mkija tena na lile gari," akasema, "bebeni na jeneza kabisa. Mtatupunguzia safari."

Baada ya hapo nikawa naenda peke yangu, bila gari, mpaka ufukoni ambapo Min Achieng na wanawake wenzake huanika omena, dagaa wa ziwani, juu ya nyavu. Wanaume hawakai pale. Akionekana mmoja anazubaa, anaulizwa kama amekuja kupima sketi. Nikanunua omena, nikakaa, nikasaidia kugeuza. Wakanicheka: "Nyar Taita, wewe nunua tu, mwisho utafungua duka!" Ndivyo wanavyoniita, binti wa Taita. Nikacheka nao. Zilipita siku nyingi kabla Min Achieng hajakubali kunitazama usoni.

Dada, wewe na kamati msimuulize mtu kwa nini haondoki. Swali hilo ameshaulizwa na kila asiyekuwa na mahali pa kumlaza. Mimi nilimuuliza, "Ukitaka kutoka, unatokaje?" Kumbe hesabu yote alikuwa ameshaipiga.

Aliwahi kukimbilia kwa kaka yake, kwao Lambwe. Okoth akamfuata na wazee na maneno matamu, wazee wa pande zote wakala, wakamrudisha kwa maombi. Tena kutoka na watoto si rahisi. Watoto ni wa boma la baba yao. Akionekana njiani na mzigo kichwani, kila jirani ni askari.

"Kuna siku moja tu naweza kupita na watoto na sufuria na blanketi, na mtu hataniuliza," akasema.

"Siku gani?"

"Kwetu kukiwa na matanga."

Ni kweli. Huku mke akifiwa kwao hazuiwi. Anakwenda na vyombo, na matandiko, na watoto, anakaa mpaka mazishi yaishe, na kila anayekutana naye anampa pole.

Basi tukasubiri mtu afe. Nakuandikia hivyo nikiona haya.

Wakati tukisubiri, nilikwenda Lambwe kuzungumza na mke wa kaka yake, ambaye ndiye mkuu wa lile boma ingawa kaka mwenyewe hajaambiwa. Akanihakikishia, "Mara hii wazee wa Okoth wakija, watakuta moto wangu umezima. Nione watasema maneno matamu na njaa." Mama mmoja wa kanisa huko Rongo akakubali kutoa chumba cha kuwaficha baada ya mazishi. Mratibu naye, nisimkoseshe haki yake, akakubali gari lisionekane popote.

Mwezi uliopita shangazi mmoja akafariki huko Lambwe, mtu ambaye Min Achieng hakumjua sana. Alimlilia hata majirani wakaja kumshika. Akafunga sufuria, akafunga blanketi, kadi za kliniki za watoto akazificha ndani ya unga. Okoth mwenyewe akambebea mzigo mpaka stendi. Pale, mbele za watu, akasema kwa ile sauti yake ya kwaya, "Nenda ulie vizuri. Achieng atabaki anipikie."

Min Achieng angesema nini? Angeng'ang'ana, angejulikana. Akapanda na wale wadogo wawili.

Mimi nilikuwa Lambwe nikingoja. Nilipomwona anashuka, nikatazama nyuma yake. Mlango wa matatu ukafungwa.

Baada ya mazishi, wifi yake akambembeleza. "Nenda Rongo na hawa. Achieng tutamfuata."

"Mtamfuata na nini? Na gari la maandishi?" Min Achieng akauliza. "Mimi nikichelewa, anayeulizwa mama yuko wapi ni nani? Ni yeye."

Akafunga tena sufuria na blanketi, akarudi Muhuru na watoto.

"Amerudi kwa hiari yake," Mratibu akasema. "Sisi tumefanya sehemu yetu."

"Mzee," nikamwambia, "huyo hakurudi. Amemfuata mtoto."

Akaagiza chai, hakuinywa. Basi kwenu, mtu akirudi, msimwandike kwamba alikataa msaada, na msimnunie. Tazameni kwanza mkononi mwake amemkosa nani. Na ahadi yoyote mtakayompa, muwe mmeshaupitia mlango wake wa kutokea nyinyi wenyewe, kwa miguu.

Alhamisi nilikwenda tena. Min Achieng akaniambia mama yake mzazi amelazwa hapa Homa Bay, na hali si nzuri.

"Bibi akifa, wajukuu wote wanaenda," akasema. "Lazima. Okoth pia atakuja, ni mkwe, ataleta ng'ombe wake. Lakini hata yeye hawezi kubakisha mmoja, watu watamtemea mate. Na pale Lambwe wifi yangu yuko." Akageuza omena, akazipanga upya mahali ambapo zilikuwa zimepangika. "Sasa wewe unayejua kusali, Nyar Taita. Mimi niombe nini?"

Nikainama, nikageuza omena zilizokwisha kugeuzwa.

Nisalimie baba, umwambie dawa ya kifua nitaituma kwa mtu, si kwa posta. Shemeji Mwakio nampa pole ya mbuzi wake. Shangazi wa Mwatate mwambie bado sijaolewa, asichoke kuuliza. Wapwa zangu uwakumbatie wote, kila mmoja kwa jina lake.

Hospitali iko karibu na ofisi yetu, kwa hiyo jioni nampelekea yule bibi uji. Jana alikunywa kikombe kizima, akaomba kingine. Nikafurahi. Kisha nikabaki nimekishika kile kikombe, nisithubutu kumtazama.

Mdogo wako akupendaye,
Wakesho