Niliwajibu kwa adabu

Mwanga, Alhamisi

Na bado nilisema vile. Kwa mdomo wangu mwenyewe.

Usaili wa chuo ulifanyika asubuhi, kwenye duka la intaneti hapa sokoni. Kibali cha kutoka kambini nilipata, umeme haukukatika, mtandao haukusumbua. Sina hata cha kulaumu.

Yule mama kwenye kioo cha kompyuta, wa huko ng'ambo, alikuwa mpole. Akaniuliza, "Waombaji ni wengi mno, nafasi chache. Kwa nini tukuchukue wewe na si mwingine?"

Nikainamisha macho, kama ninavyofanya mbele ya mkubwa yeyote. Kwetu, tangu Burundi hadi kambini, mtoto anayejisifu mbele ya wakubwa huambiwa hana malezi. Nikamjibu, "Mimi najitahidi tu. Kambini kuna wenzangu wengi wanaonizidi."

Akasubiri niendelee. Sikuendelea. Akashukuru, akaniaga.

Wanaonizidi nani? Nimekuwa wa kwanza shule nzima tangu tufike! Ninafundisha wadogo hesabu chini ya turubai kila jioni! Nilinyamaza nikidhani atanielewa, kama mzee wa kwetu angenielewa. Mjinga mimi.

Hawatanichukua. Na mkimbizi nafasi kama hii haimrudii, labda...

Hapana. Hairudi.

Jioni mama alipiga simu kutoka kambini. Hakuuliza waliniuliza nini. "Mwanangu, uliwajibu kwa adabu?"

"Ndiyo, mama."

"Imana ishimwe, Mungu asifiwe!" Kisha nikamsikia akiwaambia majirani kwamba nimefaulu.