Dayodi ya Mwisho

Jumatatu, 4 Julai 1994

Oskiloskopu ya karakana imeharibika. Ile ya Kirusi, nzito kama kabati. Ukiiunganisha na televisheni tunayoitengeneza bado inachora mawimbi ya umeme kwa mwanga kwenye kioo chake, lakini mawimbi yanakimbilia pembeni, hayatulii. Ukigonga swichi ya kichocheo yanasimama — kidogo tu — halafu yanatoroka tena. Kichocheo ndicho kinachoiambia mashine ianzie wapi kuchora. Bila hicho inaanzia popote, kama mtoto anayeruka kamba kabla haijamfikia.

Mjomba Evelio, mkuu wa karakana, alisema kwamba Ijumaa hii kuna mkutano wa wafanyakazi, wa kupiga kura. Atakayeisimamisha picha ya mawimbi, mjomba atanyoosha mkono kumpigia kura apate kiti, yaani kazi, cha fundi wetu marehemu Faustino. Alisema hivyo akimtazama Osmel, mwanawe. Si mimi.

Shule nimemaliza juzi juzi. Chuo sikupata. Nikikosa kiti hiki napelekwa kambi ya mashambani, kupalilia migomba. Mama anajua. Halali usingizi.

Osmel: "Binamu, wewe ndiye msichana, chemsha kahawa basi." Kahawa yenyewe haitoshi siku hizi, nusu yake njegere za kusaga. Nikachemsha!

Jumanne, 5 Julai

Osmel ameifungua bodi ya kichocheo yote. Ukutani pana maneno ya mjomba, kwa rangi nyekundu: HAKIFUNGWI KISICHOPIMWA. Tangu meli za Warusi ziache kuja, tunaishi kwa vipuri vya mashine zilizokufa, na kila kipuri hupimwa kwa mita ya umeme kwanza. Osmel akagusa kila kitu kwa ncha za mita huku akiimba. "Nzima. Nzima. Hii nayo nzima!" Akarudisha vyote.

Sasa picha haisimami hata ukiigonga.

"Swichi imekufa kabisa," akasema. Nikamwambia — hapana, sikumwambia. Nilitaka kumwambia: jana ilikuwa inasimama. Kuna kitu kimekufa leo, mkononi mwako. Nikaenda kuosha vikombe.

Jumatano, 6 Julai

Nimesafisha swichi kwa spiriti na kifutio cha penseli. Ilikuwa nyeusi tii. Nadhani ugonjwa wa Jumatatu ulikuwa huo tu. Uchafu!

Kisha nikaifuata ishara ya umeme kwa spika ndogo ya sikioni, hatua kwa hatua. Inaingia. Inakuzwa. Inafika kwenye dayodi, kipuri kimoja cha kupitisha umeme, kidogo kama punje ya dengu — Faustino aliiita dayodi ya handaki. Baada ya hapo, kimya.

Nilimnong'oneza Osmel. Yeye akapaza sauti. "Baba, nimeipata! Ni dayodi!" Mjomba akampiga begani. "Damu yangu hii!" Na mimi, mtoto wa dada yake, ni damu ya nani?

Stoo kuna mzoga wa oskiloskopu kama hii. Ndani yake zilibaki dayodi mbili za aina hiyo. Osmel akachomoa moja, akaipima. Mshale wa mita ukaruka. "Nzima." Akageuza ncha, akaipima tena, kwa raha zake. Akailehemu. Hakuna kitu.

Umeme ukakatika. Nikakaa ngazini nikifikiri. Ile ya kwanza ilipimwa, ikafa. Ya pili ilipimwa, haikufanya kazi. Mita ina betri ndani. Inasukuma umeme kwenye kila inachokipima. Vipuri vikubwa havisikii kitu, lakini hii ni laini mno: mshale unaruka kana kwamba ni nzima, na papo hapo inaungua. Tunaziua kwa kuziuliza kama zi hai!

Alhamisi, 7 Julai

Walikwenda foleni ya mkate. Nikabaki peke yangu.

Nimeichomoa ya mwisho kwenye mzoga. Sikuipima. Nikabana mguu wake kwa koleo ili moto wa solda usipande. Nikawasha.

Imesimama! Imesimama kama imepigwa msumari! Nimecheka kwa sauti, peke yangu, kama kichaa.

Wa kwanza kurudi ni Nereida, fundi wa redio. "Ee! Bubu kaisimamisha!" Ndivyo wanavyoniita. Mjomba akaja, akazungusha vifundo vyake vyote, kimoja kimoja. Picha haikutikisika. Kisha akauliza, "Uliipima?"

"Hapana, mjomba."

"Kabahatisha huyo," Osmel akasema.

Mjomba hakukasirika. Bora angekasirika. Alisema tu tutaongea kesho.

Ijumaa, 8 Julai

Mkutano. Mjomba alisimama kabla ya kura. Alisema hawezi kumnyooshea mkono mtu anayevunja kanuni ya karakana, hata akiwa mpwa wake. Niitoe dayodi, ipimwe mbele ya wote, niirudishe. Picha ikisimama tena, kiti changu. Wote wakaitikia. Haki kabisa, wakasema. Haki!

Nikasema, "Mjomba, mita ndiyo inayoziua." Mbele za watu. Sijawahi.

"Mita imeua? Iteni polisi!" Osmel huyo. Wakacheka mpaka Nereida akajifuta machozi.

Mjomba hakucheka. Alitazama ukutani, maandishi yake mwenyewe. Akatazama mita. Nadhani alielewa. Naapa alielewa. Kisha akasema, "Tunywe kahawa kwanza. Halafu itoe."

Nikikataa, sina kiti. Nikikubali itakufa, na hakuna nyingine, na kila mtu atasema niliiua mimi.

Wanakunywa. Leo kachemsha Osmel, kwa mara ya kwanza. Ninaandika nikiwa kwenye kiti cha Faustino. Kila siku saa hizi umeme hukatika, na bila umeme hakuna kulehemu. Leo haukatiki! Chuma cha kulehemu kimeshapata moto. Picha iko mbele yangu, imetulia, nzuri, na hakuna anayeitazama.

Mjomba amekuja. Ameweka ncha za mita mezani, upande wangu. "Haya, mama," ananiambia kwa upole, "itoe" —