Programu ya Bure ya Bwana Haraka

3 Machi

Kitindamimba wangu,

Hujambo? Mimi na mama hatujambo, ila goti lake humsumbua asubuhi. Anauliza kama unakula au unashindia chai.

Nina shida ya kazini, na mambo ya kompyuta ni yako. Zahanati imeletewa mfumo mpya wa kuandikisha wagonjwa, nami nimepewa kazi ya kuwaandikia makarani wenzangu mwongozo: bonyeza hapa, andika pale. Kila hatua inataka picha ya skrini. Sasa nipige na nini? Msimamizi wetu, yule tunayemwita Bwana Haraka, anaipiga picha kompyuta kwa simu yake. Ungeziona! Zimekaa upande, taa inawaka katikati, na kwenye kona kuna dole gumba lake. Kioo chenyewe kimejaa mafuta ya vidole na chafya za watu. Kibodi inanata. Nikimaliza ukurasa mmoja nakimbilia bombani kunawa.

Nichagulie programu ya maana, mimi sijui moja wala mbili.

Dada yako

9 Machi

Dada,

Shikamoo. Mwambie mama nakula, hata mkanda nimeutoboa tundu jipya, na si la kukazia.

Kwanza usipakue kitu. Kompyuta ya mezani ina kitufe chake cha kupiga picha ya skrini, juu kulia kwenye kibodi. Hicho kinachukua skrini nzima. Ukitaka kipande tu, tafuta kikasi, kile kiprogramu chenye alama ya mkasi kilichokuja na kompyuta yenyewe: unakizungushia mstari unachotaka, basi. Kinatosha. Kama utataka mishale na namba za hatua, ipo programu moja ninayoiamini, nimekuandikia maelezo yake kwenye karatasi ya pili.

Ila watu huchagua kwa kuangalia uzuri wa mishale. Wewe uliza picha ikishapigwa inakwenda wapi. Inabaki kwenye kompyuta yako, au inapanda mtandaoni bila kukuaga? Ziko za bure zinazopandisha kila kitu, halafu zinakupa kiungo, na yeyote mwenye kiungo hicho anaona. Hizo ziogope. Na usipige picha ya faili la mgonjwa wa kweli, tunga wako.

Mdogo wako

21 Machi

Kitinda,

Mzima wewe? Sisi tupo, tunamshukuru Mungu.

Nilimpelekea Bwana Haraka ushauri wako. Hakuusoma.

"Hii hapa ya bure," akasema. "Unapiga, kiungo kinatoka, unatuma. Mishale ya nini?"

Nikamwambia picha zinapanda mtandaoni.

"Na zipande! Kwani ni nguo zako za ndani?"

Ofisi nzima ikaangua kicheko. Akaiweka kwenye kompyuta zote. Programu yenyewe ni uchafu mtupu. Ukipiga picha, pembeni linaruka tangazo la kupunguza tumbo, na tumbo lenyewe wamelionyesha, linaning'inia. Chini yake kuna mwanamke ambaye sikuelezi amevaa nini. Nimetoka pale najihisi kama nimekanyaga kitu.

Mimi nimeng'ang'ania kikasi, na wagonjwa wangu ni wa kutunga: Bibi Bamia ana mafua, Mzee Boga ameteguka kifundo. Mama alicheka mpaka akashika mbavu.

Dada yako

6 Aprili

Kitinda,

Kwa mwili hatujambo. Kwa moyo nina kichefuchefu, na hiki si cha kumeza ndimu kikapoa.

Bwana Haraka alichoka kunisubiri, akapiga picha zake mwenyewe kwa ile programu ya bure. Akafungua faili la kwanza lililokuja mkononi. Ni la Mama Pindo, fundi cherehani mwenye duka ng'ambo ya barabara, yule aliyekushonea suruali ya safari. Jina lake, simu yake, kipimo na majibu yake. Ni ule ugonjwa ambao watu wakisikia jina lake husogeza viti. Akatuma kiungo kwenye kundi la simu la wafanyakazi, na maneno: "Mfano mzuri, hatua ya tano."

Nimeingia chumba cha chai nikawakuta wameinamia simu moja, wanaikuza picha kwa vidole. Dereva ana mkate mdomoni, makombo yanamdondokea juu ya jina la yule mama. "Kumbe ndiyo maana alikonda!" Na mtu wa dirisha la dawa, aliyeapa kutunza siri za watu, anasema, "Gauni langu liko kwake, nalifuata leo leo." Nilitoka bila kunywa chai.

Nilimwambia Bwana Haraka aifute. Akasema ameshaifuta kundini. Uongo wa nusu: nimefungua kiungo kwa simu ya mama hapa nyumbani, picha hiyo imekaa tu.

Nataka nikamwambie Mama Pindo mwenyewe.

Dada yako

10 Aprili

Dada,

Shikamoo, na pole sana.

Kuifuta kundini hakusaidii. Lazima aingie kwenye ile programu kwa jina lake, aifute kule ilikopanda. Wewe huwezi, ni yeye tu. Waandikie uongozi, kimya kimya.

Ila Mama Pindo usimwambie. Atakuja na zogo, na wa kwanza kunyooshewa kidole utakuwa wewe, maana mwongozo ni wako. Ukifukuzwa, mama atakula nini? Lipotezee kwa sasa, dada. Watu husahau.

Mdogo wako

28 Aprili

Dada,

Shikamoo. Mbona kimya? Nakupigia hupokei. Mama nikimuuliza anasema, "Yupo," kisha ananiuliza hali ya hewa. Nimekosea wapi? Niandikie hata mstari mmoja.

Mdogo wako

19 Mei

Kitinda,

Sijambo. Mama hajambo, anakusalimu.

Nilinyamaza kwa sababu barua yako ilinitia kinyaa. Bwana Haraka nilishamzoea. Lakini wewe, mtoto niliyembeba mgongoni, uniambie "watu husahau"! Niliikunja nikaiweka chini ya godoro, nikalala juu yake kwa hasira.

Nilikwenda. Mama Pindo alikuwa anapinda suruali. Nilimweleza yote nimesimama mlangoni, maana kukaa niliona haya. Hakuinua uso mpaka mshono ulipofika mwisho.

"Ndiyo maana," akasema. "Wanakuja kuchukua vitambaa hata sijavikata. Mmoja ameshika gauni lake kwa mfuko wa plastiki." Halafu akaniuliza, "Na wewe uliiona?"

"Niliiona."

"Waliokuja kuniambia ni wangapi?"

Akafunga duka. Nilidhani anakwenda nyumbani kulia. Akavuka barabara moja kwa moja mpaka dirisha la mapokezi, foleni imejaa.

"Namtaka aliyenipiga picha."

Bwana Haraka akatoka mbio. "Mama, karibu tuzungumze ofisini."

"Ofisini kwa nini? Picha yangu uliiweka ofisini?"

Bwana Haraka akakaa kwenye kompyuta ya mapokezi, jasho linamtiririka, akaifuta mbele ya macho ya Mama Pindo. Lile tangazo la tumbo likaruka. Mama Pindo akalitazama. "Na tumbo hili pia umewaambia ni langu?" Hakuna aliyecheka. Alimfanya afungue kiungo tena na tena, mpaka akaridhika kwamba hakuna kitu.

Uongozi haukumfukuza. Wamemhamishia zahanati nyingine, akawaharakishe wa huko. Ile programu imeondolewa kwenye kompyuta zote. Mimi kazi ninayo, ila nimepewa onyo la maandishi kwa "kutoa mambo ya ofisi nje", na mtu wa dawa hanisalimii. Chai nanywa nje, peke yangu. Kile chumba sikiwezi.

Wateja wa Mama Pindo hawajarudi. Usiniambie watarudi.

Jana nilimpelekea kitambaa cha gauni. Akanipima mabega, kiuno, mikono. Alipofika shingoni, vidole vyake vilisimama hewani na futi ya kupimia, akinitazama kama nitarudi nyuma.

Nikainua kidevu.

Dada yako