Redio ya Korongo na Antena Iliyobaki Juu ya Paa

Wólka Topolowa,
Karibu na Biała Podlaska,
Poland.

14 Oktoba 2019

Mpendwa ndugu yangu Lucjan,

Natanguliza salamu za upendo na heshima, nikitumaini kwamba waraka huu utakukuta huko Hamilton ukiwa mzima wa afya, wewe pamoja na mkeo Renata na binti yenu Weronika. Je, mgongo wako umepata nafuu? Nasikia madereva wa malori wa huko Kanada hukaa kitini hata mwili ukasahau kusimama. Huku kwetu sote tu wazima, isipokuwa goti langu la kushoto, ambalo hutabiri mvua kwa usahihi unaoipita televisheni.

Viazi vimekwisha kuchimbwa. Mkaza mjomba Genowefa ametia matango mengi kwenye chumvi kuliko awezavyo kuyala, kwa kuwa mikono yake bado hupimia watu wawili. Hula vizuri, hulala vizuri, na ulimi wake haujapungua makali. Juzi alinikuta nikizungumza na mbuzi wa jirani akaniambia, "Irek, wewe hata mbuzi unamwanzia dibaji."

Baada ya salamu hizo, naomba kuingia katika jambo lililonishikisha kalamu. Ulipopiga simu Jumapili ya tarehe sita, uliniagiza niifunge redio kol ya marehemu mjomba wetu Teofil sandukuni na kuituma huko kabla ya Krismasi, uifunge kwenye lori lako, kwa sababu yeye mwenyewe alitamka mbele ya padri, "Redio apewe Lutek," yaani wewe, kwa jina lako la nyumbani. Sikupinga. Kwenye simu huwa sipati maneno yanayostahili. Napinga sasa, kwa maandishi.

Ndugu yangu, naona wivu. Nimelitafutia neno hilo jingine lenye adabu zaidi, nikalikosa.

Nakuomba ukumbuke jiko lile lilivyokuwa. Enzi zile hapakuwa na lori lililoelekea mpakani Terespol bila kumwita Korongo kwenye chaneli ya kumi na tisa. Mjomba alikaa kwenye kiti chake karibu na moto, kipaza sauti mkononi, akawaeleza madereva mahali barafu iliposhika, foleni ya mpakani ilipofika, na wapi dubu wanakausha nywele. Nawe hujasahau kwamba dubu hewani ni trafiki, na kukausha nywele ni kupiga tochi ya mwendokasi. Tena alibatiza watu kuliko padri. Huyu alimwita Kijiko, yule Askofu, na yule mama wa lori la maziwa akamwita Bibi Harusi. Wewe, kwa kuwa yeye alikuwa Korongo, alikuita Kinda. Barabara nzima ilijua kwamba Korongo ana kinda lake.

Na mimi nilikuwa wapi? Nilikuwa juu ya paa. Kila upepo ulipoipindisha antena, mjomba alitoa kichwa dirishani: "Irek, geuza kidogo! Siyo huko, kichwa cha kabichi wee! Huko!" Nikageuza. Niliposhuka, vidole vimekufa ganzi, tayari alikuwa amekwisha kukupata: "Kinda, Kinda, kijana wangu, umekula?" Wewe ulikuwa unakula njiani, kwenye mkahawa wa madereva. Mimi niliketi kwenye benchi nikanywa supu ya bitiruti iliyopoa.

Jina hakunipa. Nawe wajua desturi: asiye na jina hewani hashiki kipaza sauti cha kituo cha mwenzake. Sikukishika. Niliwaandikia wanakijiji maombi ya chumvi ya barabarani, maombi ya taa, hata maombi ya daraja, na yote yakakubaliwa. Ombi la jina sikuliandika, kwa kuwa kitu cha namna hiyo hakiombwi.

Kisha ukaenda Kanada, na simu za mkononi zikaja. Siku hizi dereva huambiwa kila kitu na sauti ya mwanamke asiyekohoa wala kucheka. Wa kwanza kunyamaza walikuwa vijana, baadaye wazee wakastaafu mmoja mmoja. Miaka ya mwisho mjomba alikuwa akiwasha redio asubuhi, ikatoa mchirizo mtupu kama mafuta kikaangoni, na yeye akausikiliza kwa adabu kana kwamba mtu yuko katikati ya maelezo. Nani aliketi naye? Nauliza tu, japo jibu unalijua. Na katika mchirizo ule alizungumza habari gani? Zako. Lutek angelikuwapo. Lutek anaendesha lori refu kama kanisa. Mwaka uliotuma ile picha ukiwa umesimama kando ya lori, aliibandika juu ya redio, nami nikatumwa kununua gundi.

Naomba pia uzingatie hoja ya kitaalamu. Masafa ya redio za kwetu huishia na tarakimu sifuri, na ya huko kwenu huishia na tano. Tofauti ni ndogo kama unywele, lakini ukiifunga hii kwenye lori lako, madereva wa huko watakusikia kama mtu anayesema na kiazi mdomoni. Itakuwa pambo. Kitu kilichowavusha watu theluji kitaning'inia mbele yako kama mdoli.

Hata hivyo mimi si mtu wa kukiuka wosia. Alhamisi nilileta sanduku na magazeti ya kufungia. Kifaa hakifungwi kabla ya kujaribiwa, kwa hiyo nilikiwasha, nikahakikisha waya wa antena umekaza, nikaketi kwenye kiti cha mjomba. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikabonyeza kipaza sauti, nikaomba kwa heshima kuthibitishiwa kama nasikika. Mkaza mjomba alikuwa akiosha vyombo. Nilitarajia mchirizo.

"Nani huyo kwenye kiti cha Korongo?" sauti ikauliza. Alikuwa Askofu, ambaye bado anabeba mbao, na bado ana redio.

"Kwa heshima zote, mheshimiwa dereva," nikasema, "anayezungumza ni Ireneusz Wasiluk, mpwa wa marehemu, katika majaribio ya kifaa."

Alicheka hata akakohoa. "Mama wee! Kolega, hapa ni barabarani, siyo mahakamani! Irek yupi?"

"Wa hapa hapa kijijini. Wa antena."

"Wa antena? Si useme! Paka wa Paa!"

Nikamwarifu kwamba kuna makosa, sijawahi kuitwa hivyo.

"Hujawahi? Kila upepo ukivuma mzee wako anatusimamisha: 'Subirini, jamani, Paka wa Paa yuko juu. Akishuka mtanisikia mpaka mpakani.' Na kweli, ukishuka tunamsikia! Barabara nzima inakujua, baba. Sauti tu ndiyo hatukuwahi kuipata. Kijiko alikuwa anaapa kwamba wewe ni bubu."

Nikamgeukia mkaza mjomba. Hakuacha kuosha sahani. "Nilidhani unajua," akasema.

"Ningejuaje?"

"Kweli," akasema. "Ulikuwa juu ya paa."

Askofu akaniuliza habari za barabara. Nilichungulia dirishani nikamjulisha kwamba ni nyeupe, haina kizuizi, hadi kwenye kona ya kinu, na dubu hawapo. Akanishukuru, akaniaga kwa lile neno la barabarani, "Upana wa njia, Paka!" Kisha mchirizo ukarudi, nami nikaendelea kuketi.

Usidhani kwamba wivu umenitoka, Lucjan. Umehama kiti tu. Kinda ni jina tamu kuliko Paka. Kinda huletewa chakula kiotani, paka hujitafutia. Lakini sasa nina jina, na mwenye jina ana haki ya kusema hewani. Kwa hiyo nasema.

Redio ni yako. Neno la marehemu halikatwi. Lakini antena hakuitaja, na mkaza mjomba, nilipomuuliza rasmi, ametamka, "Antena ni ya aliyeipanda." Nawe wakumbuka somo la kwanza alilotufundisha Korongo: ukibonyeza kipaza sauti cha redio isiyo na antena, redio inaungua kifua, na haisemi tena. Siwezi kutuma kimoja bila kingine, na posta haipokei nguzo ya urefu ule.

Kwa sababu hizo nimelirudisha sanduku ghalani. Redio iko mezani mahali pake, waya umekaza, na kila asubuhi naiwasha. Njoo uichukue kwa mkono wako. Utapanda wewe kuishusha antena, na mimi nitakuwa jikoni kwenye kiti cha mjomba, kipaza sauti mkononi, nikikuelekeza kutoka dirishani. Chagua siku yenye upepo. Supu yako nitaifunika isipoe.

Nisalimie sana Renata, na Weronika umwambie kwamba mti wake wa tufaha umezaa mwaka huu. Mkaza mjomba Genowefa anakusalimu na kuuliza kama huko mnapata matango. Mungu akulinde katika kila kilima na kila kona, na akupe upana wa njia hadi mlangoni kwetu.

Wako akupendaye, na wivu wake pia,

Ireneusz Wasiluk
(Paka wa Paa)